Inchi Tatu za Sakafu Mpya

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jina langu katika miaka yangu yote ya kazi ni hili: "Umebadilisha nini?" Mteja analeta gari, tunalipima, tunageuza skrubu mbili, tunamwambia bei, naye analizunguka gari lake akitafuta kitu kipya. Hakioni. Ndipo anauliza.

Nilistaafu mwezi uliopita. Siku yangu ya mwisho, saa tisa alasiri, mwenye gari dogo jeupe aliniuliza swali hilohilo. Alikuwa amewekewa kioo kipya cha mbele, na kioo alikilipia bila neno. Alichokataa ni kulipia saa mbili za kuipima upya kamera ndogo iliyofungwa nyuma ya kioo hicho, ile inayotazama mistari ya barabara na kumpigia dereva kelele gari likianza kwenda kombo. "Kamera si ni ileile?" akasema. Nikamwambia ni ileile, ila sasa inatazama mahali pengine kidogo. Akainama, akaitazama kamera. Kamera ikamtazama. Hakuna aliyeridhika.

Ninyi mnaobaki na kompyuta zenu mtaulizwa swali hili hadi mtakapostaafu, na sina jibu la kuwaachia. Nina kisa kimoja tu, cha miaka ya tisini, wakati magari yetu hayakuwa na kamera, na vitu vya kumwonyesha dereva barabara vilikuwa taa mbili na macho mawili. Nitakieleza kwa utaratibu.

Niliingia gereji ya Voi nikiwa karani. Nilikuwa nimetoka Bura na cheti cha kidato cha nne na mwandiko uliosomeka, na mwenye gereji, Mzee Kilonzo, alikuwa amechoka kusoma mwandiko wake mwenyewe. Siku ya kwanza alinionyesha daftari la magari, muhuri, na meza yenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa jeki. Jeki ilipohitajika kazini, niliishika meza kwa goti na kuendelea kuandika. Kufikia jioni nilikuwa nimejifunza kwamba vumbi jekundu la Voi huingia hata kwenye kalamu iliyofungwa.

Mafundi wengine pale walitengeneza. Fundi Mwasi alipima. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mtu wa Werugha, kule milimani, na bisibisi yake fupi ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Vifaa vyake vingine vilienea kwenye kikapu kimoja: uzi, rula ya mbao aliyoikata mwenyewe, na mpira mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, ambao aliujaza maji ili kujua mahali pawili pako sawa au hapako, kwa kuwa maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja. Aliuosha mpira huo kila wiki. Sijui kama kuna mtu yeyote pale aliyeosha gari lake namna hiyo.

Ofisi yake ilikuwa banda refu lenye milango ya kufunga. Ukifunga milango, hata saa sita mchana ndani palikuwa giza. Ukuta wa mwisho ulipakwa chokaa, na juu ya chokaa kulikuwa na mistari minne myeusi iliyolala, kila mmoja na jina lake: gari dogo, pikapu, basi, lori. Gari liliingia kwa pua, magurudumu ya mbele yakasimama kwenye alama nyeupe sakafuni, mita tano kutoka ukutani. Taa zikawashwa. Mwangaza ukiangukia mstari wake, taa ziko sawa. Ukianguka juu au chini, Fundi Mwasi alipiga magoti na bisibisi.

"Taa ikitazama juu inamulikia nyani," alinieleza wiki ya kwanza. "Ikitazama chini inamulikia bampa. Barabara iko katikati, mwanangu, na ni nyembamba."

Baada ya mwaka mmoja alimwambia Kilonzo anataka nimsaidie. Nilidhani ni kwa sababu ya bidii. Aliniambia ni kwa sababu ninaandika kilichoonekana, si kilichotarajiwa. Nilifurahi sana kusikia hivyo, na nilikaa na furaha hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Tabia mbili za Fundi Mwasi lazima nizitaje. Ya kwanza ni ile ya wateja. Aliyelipia kupimiwa taa hakuondoka mikono mitupu. Fundi Mwasi aliokota skrubu kuukuu chini ya benchi, akaifunga kwa gazeti, akamkabidhi. Mteja aliipokea kwa heshima na kuiweka mfukoni. Nilimuuliza kama huo si uongo.

"Nimemwambia nini?" akauliza.

"Umemwambia, 'Chukua.'"

"Basi. Sijasema imetoka wapi."

Tabia ya pili ilikuwa ya Jumatatu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi banda lilifungwa nusu asubuhi. Fundi Mwasi alishika ncha moja ya mpira wa maji ukutani, mimi nikashika nyingine pale gari linaposimama, tukasubiri maji yatulie, tukalinganisha mistari na sakafu. Tulipima kile tunachopimia. Kila mara tulikuta kila kitu kiko sawa, na kila mara Kilonzo alisimama nje akiyatazama magari yanayosubiri, kama mtu anayetazama maji yakimwagika.

Fundi Mwasi akastaafu, akarudi Werugha kwa ng'ombe wake wa maziwa. Aliniachia bisibisi, kikapu na neno moja: Jumatatu. Mwezi wa kwanza nilifanya. Mwezi wa pili kulikuwa na magari saba ya watalii yaliyokuwa yakienda mbugani, na madereva wake walikuwa wakipiga honi.

"Wakesho," Kilonzo akaniambia, "ukuta hautembei."

Nilifikiri kidogo. Ni kweli, ukuta hautembei. Nikaukunja mpira, nikauweka juu ya kabati, nikafungua mlango. Magari saba yakatoka kabla ya chakula cha mchana, na Kilonzo aliagiza soda.

Mwaka uliofuata tulipata sakafu mpya. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka, na maji ya kuoshea yalitulia chini ya magari yakichanganyika na oili. Kilonzo alileta mwashi kutoka Mwatate, mtu hodari. Alimwaga zege mpya juu ya ile kuukuu, akaiinua upande wa ukutani na kuiteremsha hadi mlangoni, ili maji yatoke yenyewe. Yalitoka. Ilikuwa kazi safi, ikapakwa rangi nyekundu, na wiki ya kwanza tulivua viatu. Mimi nilichora upya ile alama nyeupe ya kusimamishia magurudumu. Niliipima mara mbili: mita tano kamili. Kisha nikachukua kitambaa chenye maji, nikaifuta vumbi ile mistari minne ukutani ili iendane na sakafu.

Sasa nimlete Nyambu. Alikuwa dereva wa pikapu ya Bi Zuhura, mama wa familia ya Kiislamu mwenye duka la jumla na ghala la mboga karibu na soko la Voi. Nyambu alipakia kabeji na karoti Werugha, akateremka kabla hapajakucha, akashusha nyingi Voi na kupeleka zilizobaki Maungu. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka tisa, na alikuwa hajagonga hata kuku. Nilimpimia taa mwezi mmoja baada ya sakafu. Wiki iliyofuata alirudi.

"Dada, taa hizi hazifiki."

"Hazifiki wapi?"

"Mbele. Naona hapa tu, halafu giza."

Nikaliingiza gari, nikafunga mlango. Mwangaza ulikuwa juu ya mstari wa pikapu kama uliowekwa kwa gundi. Nikamwita aone. Akaona.

"Labda ni macho," nikamwambia. "Kula karoti."

"Karoti?" Alinitazama kuona kama natania. "Dada, mimi nabeba gunia sita kila siku."

"Kubeba sio kula."

Mafundi walicheka. Naye alicheka, akaondoka. Nimeandika mazungumzo haya yote kwa sababu nayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Wiki tatu baadaye, alfajiri, katika barabara ya Mombasa karibu na Ndara, dume la ng'ombe la ranchi mojawapo lilikuwa limesimama katikati ya lami. Nyambu aliliona likiwa limeshafika kwenye bonneti. Akakata usukani, akaligonga kwa ubavu wa gari, akaingia kichakani. Yeye hakuumia. Mlango ulibonyea. Taa zilibaki nzima kabisa. Dume halikuweza kusimama tena, na mwenye ranchi alikuja Voi asubuhi hiyohiyo na sauti kubwa.

Bi Zuhura alikuja gereji mwenyewe, Nyambu akimfuata nyuma, na watu kadhaa wa sokoni wakimfuata Nyambu. Alisimama juu ya sakafu nyekundu na buibui lake jeusi, akanena na mimi, si na Kilonzo.

"Mwanangu, mimi simfukuzi mtu kwa maneno ya njiani. Huyu asema taa hazimfikii. Zipime. Ukikuta mbovu, kosa ni la gari, na dereva wangu ni dereva wangu. Ukikuta nzima, basi macho yake ndiyo mabovu, na dereva asiyeona simtaki, hata kama ni mtu mwema. Niandikie, utie muhuri."

"Pima vizuri, dada," Nyambu akasema. 

Nilipima vizuri. Nilipima mara tatu. Milango ilifungwa, watu wa soko wakasongamana gizani, na mara zote tatu mwangaza ulilala juu ya mstari. Nikaandika kilichoonekana: taa zote mbili ziko sawa. Nikatia muhuri. Bi Zuhura akasoma kwa sauti, akanyoosha mkono, na Nyambu akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Mimi siko kipofu, mama," akasema.

"Sijasema mimi, Nyambu. Yasema karatasi."

Kufikia saa saba mchana soko zima lilijua kwamba Nyambu haoni. Katika kazi ile hakuna jina baya zaidi ya hilo. Mlevi hupata gari la kuendesha, hata mwizi wa mafuta hupata. Asiyeona hapati.

Siku kumi zilipita. Siku ya kumi na moja Fundi Mwasi aliteremka Voi kutafuta mkanda wa mashine yake ya kukatia majani ya ng'ombe. Alipita kunisalimia, tukasalimiana kwa Kidawida, lugha yetu, akaisifu sakafu. Kisha akaingia ndani ya banda, akauegemea ukuta kama alivyouegemea kwa miaka ishirini. Tulizungumza habari za maziwa. Aliposimama kwenda, alijipangusa mgongo kwa mazoea, akakuta shati ni safi. Akajitazama nyuma. Chokaa na mweusi wa ule mstari vilikuwa kwenye suruali.

"Hebu," akasema. Akarudi, akasimama wima kando ya mstari wa lori, kisigino ukutani, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali. "Huu mstari ulikuwa juu ya mkanda wangu. Ulikuwa unanichafua shati. Mke wangu ni shahidi."

"Labda umebadilisha suruali, fundi."

"Suruali ni hii." Akautazama mstari, akautazama mkono wake. "Mtu wa umri wangu hupungua. Sasa mimi imekuwaje nimerefuka?"

 Alitazama chini, kwenye ile sakafu nzuri nyekundu. Nami nikatazama. 

"Wakesho," akasema polepole, "Jumatatu ulipima?"

Niliuteremsha mpira kutoka juu ya kabati. Ulikuwa na buibui ndani. Tuliuosha, tukaujaza maji. Kilonzo alikuja kuona kwa nini banda limefungwa, na Fundi Mwasi akampa ncha ya kushika kabla hajauliza. Fundi alishika yake ukutani, Kilonzo mlangoni, mimi nikasoma na rula. Mlangoni sakafu haikuwa imepanda hata unene wa kucha. Ukutani ilikuwa imepanda inchi tatu.

Nitaeleza kwa wasio wa kazi. Gari likisimama juu ya sakafu ile, lilikuwa limeinua pua. Mistari ilikuwa palepale ilipochorwa kabla ya zege. Ili mwangaza wa gari lililoinua pua uangukie mstari wa zamani, ilitubidi kuziinamisha taa. Gari lilipotoka nje, kwenye barabara isiyoinua pua ya mtu, taa zilibaki zimeinama. Fundi Mwasi alipiga hesabu kwa kidole ukutani.

"Taa ya kufika hatua mia," akasema, "imekuwa ikifika hatua arobaini."

Kwa mwendo wa pikapu iliyobeba kabeji, hatua arobaini ni muda wa kusema jina la ng'ombe, si wa kusimama.

"Basi tuchore mistari mipya," Kilonzo akasema. Bado alikuwa ameshika mpira. "Tuchore leo. Tuendelee na kazi."

"Na Nyambu?"

"Nyambu atapata gari lingine."

"Nani atampa, mzee? Soko zima linajua haoni. Mimi ndiye nimeandika."

"Na ukiandika ingine, kila dereva aliyepita hapa tangu sakafu atarudi. Unajua ni wangapi?"

"Najua. Daftari liko kwangu."

"Wote bure?"

"Wote bure."

Fundi Mwasi alijifanya anakagua mkanda wake wa mashine. Kilonzo aliuweka mpira chini, maji yakamwagika, na yakatiririka vizuri sana hadi mlangoni na kutoka nje. Sote watatu tuliyatazama. Kilonzo akaenda bombani akanawa mikono, ingawa haikuwa na oili. Aliporudi alisema, "Andika. Lakini andika sakafu. Usiandike Kilonzo."

Niliandika sakafu, na niliandika jina langu. Karatasi ilisema kwamba ile ya kwanza haikuwa kweli, kwamba taa zilikuwa zimeinama, na kwamba aliyepima hakupima anachopimia. Nikatia muhuri uleule, kwa sababu hatukuwa na mwingine.

Bi Zuhura aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya gunia la mchele, akaisoma tena.

"Nimemfukuza mtu kwa karatasi yako," akasema.

"Ndio, Bi Zuhura."

"Na leo wataka nimrudishe kwa karatasi yako."

"Ndio."

"Nikuamini kwa ipi, mwanangu?"

 Nilimwambia aje aone mpira. Akasema yeye hajui mambo ya mipira, ila anamjua mtu aliyekuja dukani kujisema mwenyewe, na kwa siku hiyo hilo latosha. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa pikapu. Dereva aliyemwazima kwa jirani alikuwa akizichelewesha kabeji, kwa vyovyote.

"Mpelekee wewe. Na umwambie mbele za watu. Mbele za watu ndipo alipoaibishwa."

Asubuhi iliyofuata nilipanda Werugha na blauzi nyepesi ya joto la Voi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta ya mashamba, na nilimkuta Nyambu kando ya barabara, mahali wakulima wanapokusanyia mboga, akiwapimia watu kabeji kwa mizani. Alikuwa amevaa miwani.

Niliitazama miwani ile. Ilikuwa miwani ya sokoni, fremu nyeusi, kubwa kuliko uso wake.

"Umenunua wapi?" nikauliza.

"Wundanyi. Nilijaribu tatu. Hii ndiyo haikuniuma kichwa sana."

"Nyambu, macho yako hayana kitu."

"Hata mimi nilikuwa najua hivyo." Aliendelea kupima kabeji. "Kutoka hapa nilikuwa nahesabu mbuzi wa ng'ambo ile, mmoja mmoja. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri. Nikasema, labda mtu haoni kwamba haoni."

Ndipo nikasema, kwa sauti, mbele ya wakulima kama kumi na watano waliokuja kupimiwa. Nilisema macho ya Nyambu ni mazima, taa zilikuwa zimeinama, na aliyeziinamisha ni mimi. Nikaeleza sakafu. Mama mmoja mwenye kikapu cha karoti kichwani alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe sakafu ndiyo kipofu!" akasema, na watu wakacheka.

Nyambu hakucheka. Alivua miwani, akaichukua karatasi, akaisoma bila miwani, akiishika mbali kidogo. Kisha akanirudishia. Nikampa ufunguo. Hakuupokea.

"Hii umepima na nini?"

"Na maji."

"Na ile?"

"Na mstari."

"Na ile ulisema iko sawa, hii unasema haikuwa sawa. Kesho utakuja na ya tatu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akizungumza kama mtu anayehesabu chenji. "Ufunguo kaa nao, dada. Mimi nitakuja nione. Nikiona, nitauchukua. Nisipoona, nitabaki hapa na mizani. Mizani hii mtu akiitilia shaka, tunaweka jiwe tunalolijua."

Tulichora mistari mipya, inchi tatu juu, mpira wa maji ukiwa umeshikwa na mimi na Kilonzo, watu wawili wasiopatana. Daftari lilinipa orodha, na kwa Jumamosi nyingi zilizofuata madereva walirudi mmoja mmoja. Waliniuliza nimebadilisha nini. Niliwajibu: sakafu. Wengine walicheka, wawili walinitukana, na dereva wa basi dogo la shule aliketi ndani ya gari lake kwa muda, kisha akaondoka. Wa kwanza katika orodha ningependa kujua alipita wapi usiku wote tangu nilipompimia. Sikuwahi kumpata, gari lilikuwa limeuzwa.

Hii ndiyo gharama ninayotaka muijue. Kupima kile mnachopimia kunakula nusu asubuhi, hakuna mteja atakayekulipia, na mara kumi na moja kati ya kumi na mbili mtakuta kila kitu kiko sawa na mtajiona wajinga. Kilonzo hakunikataza tena Jumatatu. Hakuzisifu pia. Aliponiona na mpira, alienda kunywa chai.

Nyambu aliteremka siku ya tatu tangu tuonane Werugha, alasiri, bila miwani. Alitazama pikapu ikiingia bandani, akatazama mistari ya zamani niliyoifuta kwa chokaa na mipya iliyo juu yake, akatazama nikigeuza skrubu.  "Ukuta siujui," akasema nilipomaliza. "Twende barabarani."

Basi saa moja na nusu, jua likiwa limeshatua, niliendesha pikapu hadi kipande kilichonyooka nje ya mji, upande wa Mwatate. Kilonzo alisema ana kazi. Upande ule tembo walikuwa wakivuka jioni. Nikasimamisha gari kando ya lami, pua ikitazama mbele, injini ikinguruma. Nyambu alishuka. Alisimama mbele ya bampa na kunionyesha kwa mkono niwashe.

Nikawasha. Akaanza kutembea katikati ya mwangaza, akihesabu kwa sauti, hatua za mtu anayepima shamba lake. Niliteremsha kioo nimsikie. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Pale akasimama. Akatazama lami chini ya viatu vyake, muda mrefu kidogo, kama mtu aliyekuta mahali alipoangukia zamani. Kisha akaendelea. Sitini. Sabini. Sauti ikaanza kupotea, shati likawa doa. Sikujua tena anahesabu nini. Nilijua tu kwamba bado namwona, na kwamba kama angekuwa dume la ng'ombe, ningekuwa na muda wa kusimama, na kupiga honi, na kulisalimia.

Akageuka, akainua mikono yote miwili.

"Dada! Unaniona?"

"Nakuona!"

"Vizuri?"

"Vizuri!"

"Basi andika!"

Nikatoa karatasi, nikaandika juu ya usukani kwa mwanga wa dashibodi: hatua mia moja na nne, kwa kuhesabiwa na Nyambu mwenyewe. Muhuri nilikuwa nimeusahau ofisini. Alirudi taratibu, mikono mfukoni, akafika upande wangu, akaichukua karatasi dirishani. Alisoma ile namba, akaikunja karatasi mara nne, akafungua mlango.

"Sasa sogea," akasema. "Hicho kiti ni changu."